Sababu si udhuru

Kamanda Cody amepigana vita vyote akiwa chini ya Obi-Wan Kenobi. Katika Revenge of the Sith, filamu ya Star Wars ya mwaka 2005, anamrudishia mkubwa wake upanga wa mwanga uliokuwa umempotea vitani. Wanataniana kidogo, kisha Obi-Wan anampanda mnyama wake na kurudi mapambanoni. Punde Palpatine, mtawala wa Jamhuri, anamtokea Cody kwenye kifaa cha mawasiliano na kumpa amri namba 66: Majedi wote, wapiganaji kama Obi-Wan, wauawe. Cody hahoji lolote. Anaagiza mzinga umlenge mtu ambaye sasa hivi tu amemkabidhi silaha, na Obi-Wan anaporomoka kutoka jabalini hadi majini.

Kwa miaka tisa tukio hilo lilibaki hivyo lilivyo. Kisha, Machi 2014, msimu wa sita wa katuni ya The Clone Wars ulileta maelezo mapya. Kila askari kloni, yaani kila mmoja wa wale waliozalishwa maabara kutokana na mwili wa mtu mmoja, alipandikizwa chipu ubongoni kabla hajazaliwa. Chipu ndiyo iliyofyatua. Cody, kwa maelezo hayo, hakuamua kitu.

Tangu hapo mashabiki hawajapatana. Wako wanaoishukuru katuni kwa kuwasafisha askari waliowapenda. Wako wanaosema filamu ilikuwa imesema kweli nzito na katuni imeipunguza uzito. Mimi nina upande katika ubishi huu. Naamini katuni tanzu inaweza kuipita filamu mama kwa mbali, na imewahi kufanya hivyo. Ila ubora wa michoro haunitoshi kuwa kipimo, wala utiifu wake kwa filamu iliyoizaa. Nauliza kama imetupa sababu ya uovu ulioonyeshwa, au imetupa udhuru. Sababu hutueleza uovu ulikotoka na kumwacha mtenda akiwa mtenda. Udhuru humwondoa mtenda kwenye tendo lake. Tofauti hiyo inaweza kupimwa popote, lakini Gikondo inapimwa na watu wanaoijua gharama yake.

Gikondo ni sekta ya Wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali, iliyopanda mlimani juu ya ardhi oevu. Kwa miongo kadhaa bonde hilo lilijaa viwanda na maghala, mpaka serikali ikaanza kuvihamishia Masoro, kwenye eneo maalumu la kiuchumi, ili bonde lirudishiwe maji na majani yake. Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanalijua jina la Gikondo kwa sababu ya Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Rwanda, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika kwenye viwanja vyake.

Lakini Gikondo ina tarehe nyingine. Tarehe 9 Aprili 1994, siku ya tatu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia parokia ya Wapallottini waliuawa ndani ya eneo la kanisa. Vitambulisho vilikaguliwa kwanza. Kisha wanamgambo wa Interahamwe wakaingia na mapanga na marungu. Waliokufa ni zaidi ya 100, watoto wakiwamo. Waangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa waliokuwapo walizuiwa kwa mtutu wa bunduki, wakashuhudia.

Siwataji marehemu hao ili kuipa makala ya katuni uzito usio wake. Nawataja kwa kuwa swali ambalo mashabiki wa Star Wars wanaliuliza kuhusu Cody, kwamba alitenda mwenyewe au alitendeshwa, limeulizwa hapa kuhusu watu halisi, mbele ya majirani na manusura, na limejibiwa. Anayetazama katuni kutoka mlima huu hawezi kujifanya kwamba swali hilo ni la sayari ya mbali.

Mtazamaji wa Kigali ana ujuzi mwingine unaomsaidia kulinganisha. Kwa miaka mingi filamu za kigeni zimemfikia kama agasobanuye, yaani filamu ambazo mfasiri anazisimulia kwa Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji. Yanga, aliyefariki Afrika Kusini mwaka 2022, aliifanya kazi hiyo kuwa sanaa ya kupendwa nchi nzima. Junior Giti na Rocky Kirabiranya ni miongoni mwa walioiendeleza. Kenya wanamjua DJ Afro, Uganda VJ Jingo, Tanzania Lufufu. Wafasiri hawa hawaishii kwenye maneno ya filamu. Wanafupisha, wanaongeza, wanamkaripia mhusika, wanamwelekeza mtazamaji amwonee nani huruma. Aliyekua akitazama hivyo anajua mapema kwamba hadithi moja ina matoleo, na kila toleo lina msimulizi mwenye upande wake.

Anajua pia kwamba matoleo hayafiki kwa mpangilio. Disney+ ilipofunguliwa Afrika Kusini Mei 2022, Rwanda haikuwamo kwenye orodha. Filamu zinazofika kwa flashi kutoka kwa rafiki hazisemi ipi ni mama na ipi ni tanzu. Mtu anaweza kukutana na Ahsoka Tano wa katuni kabla hajamwona Anakin wa filamu, na kwake filamu ndiyo ikawa nyongeza. Huko Marekani mashabiki walilijadili jambo hili kama suala la uhalali. Aprili 2014 Lucasfilm, ikiwa tayari mali ya Disney, ilitangaza kwamba filamu sita na The Clone Wars ndizo zinazohesabiwa kuwa historia halali ya Star Wars, na riwaya nyingi za nyuma zikawekwa kando. Tangazo la namna hiyo linatuambia mwenye hadithi ni nani. Toleo lipi limesema kweli kuhusu binadamu, hilo tunabaki kuamua wenyewe.

Nianze na katuni iliyofaulu. The Matrix ya mwaka 1999, iliyoandikwa na kuongozwa na ndugu wawili wa familia ya Wachowski, inaonyesha dunia ambamo mashine zimewafuga watu na kunyonya nishati ya miili yao, huku akili zao zikiishi ndani ya ndoto ya kompyuta. Vita vilianzaje? Morpheus, kiongozi wa waasi, anamwambia Neo, shujaa wa filamu, kwamba hakuna ajuaye ni upande gani uliopiga kwanza. Kinachojulikana ni kwamba binadamu ndio walioliziba jua. Ni maneno machache, na filamu inasonga mbele. Reloaded na Revolutions, zilizotoka mwaka 2003, zina mapigano makubwa zaidi na mazungumzo marefu zaidi, lakini hazirudi kulifukia shimo hilo.

Lilifukiwa na The Animatrix, mkusanyo wa katuni fupi 9 uliotoka Juni 2003, nyingi zikiwa kazi ya waongozaji wa Japani. Baadhi ya katuni hizo zinaunganisha filamu tu. Final Flight of the Osiris inaeleza jinsi habari ya shambulio dhidi ya Zion, mji wa binadamu, ilivyopatikana kabla ya Reloaded kuanza, na Kid's Story inamleta kijana anayemwandama Neo katika filamu hiyo. Mashabiki hufurahia viungo vya aina hii, na wana haki. Ila uzito wa mkusanyo uko kwenye The Second Renaissance, sehemu mbili zilizoongozwa na Mahiro Maeda.

Hapo tunaambiwa mwanzo wenyewe. Roboti mtumishi, B1-66ER, anamuua bwana wake aliyekuwa anataka kumvunjavunja. Mahakamani anasema hakutaka kufa. Inaamuliwa kwamba mali haina haki ya kujitetea dhidi ya mwenye mali. Naye anaharibiwa, na amri inatoka kwamba wote wa aina yake waharibiwe. Baadhi ya watu wanaandamana pamoja na mashine kudai haki, na wanapigwa. Mashine zilizosalia zinafukuzwa. Zinajenga mji wao, unaoitwa 01, jangwani Mashariki ya Kati. Zinafanya biashara, zinatajirika, zinaomba kupokewa Umoja wa Mataifa, zinakataliwa. Vikwazo vinafuata, halafu mabomu ya nyuklia, na mwishowe binadamu wanaitia anga giza ili kuzinyima mashine mwanga wa jua.

Maeda alichora mambo haya kwa kukopa picha ambazo kamera za karne ya 20 zilizipiga kweli: mfungwa anayepigwa risasi ya kichwa barabarani Saigon mwaka 1968, vifaru vya Tiananmen mwaka 1989, miili ikisukumwa kwa tingatinga kuelekea makaburi ya halaiki. Waliowekwa mahali pa wahanga ni mashine. Mtazamaji anaona mkono wa chuma ukitokeza kwenye lundo la vyuma, na macho yake yanakumbuka nyama na mifupa.

Kinachonigusa zaidi ya picha hizo ni mpangilio wake. Kwanza linakuja jina la dharau, halafu sheria, halafu kutengwa, na mauaji yanakuja mwishoni, wakati watu wengi wameshazoea kila hatua iliyotangulia. Vitambulisho vilivyokaguliwa parokiani Gikondo vilitokana na utaratibu ulioanzishwa na utawala wa Wabelgiji miaka ya 1930, wa kuandika kabila la kila mtu kwenye kadi. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, ikizoesha masikio kuwasikia Watutsi wakiitwa mende. Desemba 2003, mwaka uleule wa The Animatrix, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Majaji na mchoraji hawakujuana, na kazi zao hazilingani kwa uzito. Lakini wote walikuwa wanafuata nyayo za kauli hadi kwenye maiti.

Kwa hiyo katika ulinganisho huu nasimama na katuni bila kusita. Filamu inasema hakuna ajuaye nani alianza. Rwanda kauli hiyo si kauli ya bure. Wanaokana mauaji ya kimbari huanzia hapohapo: mambo yalikuwa mengi, pande zote zilikuwa na hasira, hatuwezi kujua. Katuni inakataa ukungu huo. Inataja mwanzo, inataja waliotoa hukumu, inawaonyesha raia wa kawaida wakishangilia. Na haiwapi udhuru. Kuelewa kwamba watu waliogopa mashine hakuondoi nyundo mikononi mwao.

Hata hivyo mfano huu una mahali unapokatika, na ni lazima mtazamaji wa hapa aukate mwenyewe. Katika The Second Renaissance wahanga wanageuka watesi. Mashine zinashinda, zinawafunga binadamu, na hadithi inaacha hisia kwamba pande mbili zimelipana. Mizani ya aina hiyo ikipandikizwa kwenye historia ya Rwanda inakuwa uongo, tena uongo unaotumiwa kila mwaka na wale wanaotaka kuonyesha kwamba kulikuwa na mauaji mawili yanayofutana. Familia zilizokimbilia parokia ya Gikondo hazikuwa na mji wa 01 wala jeshi lililosubiri zamu yake. Zilikuwa na mlango wa kanisa. Katuni ya Maeda inasaidia kuona jinsi chuki inavyopanda ngazi. Haisaidii kueleza kilichofuata, na anayeisifu lazima aseme hivyo waziwazi.

Jambo jingine ambalo mashabiki wake hulijadili ni msimulizi. Sauti tulivu inayotusomea historia hiyo inatoka kwenye kumbukumbu za Zion, lakini inazungumza kwa huruma kuhusu mashine. Nani aliiandika kumbukumbu hiyo? Aliyelelewa na agasobanuye hawezi kulipita swali hilo. Kwa maoni yangu jibu la heshima zaidi ni kwamba walioshindwa wameandika makosa yao wenyewe. Jamii inayohifadhi ushahidi dhidi yake yenyewe imefanya kazi ngumu kuliko ushindi wowote wa Neo.

Sasa nirudi kwa Cody na wenzake. The Clone Wars ilianza mwaka 2008 kwa filamu ya sinema iliyokosolewa sana, kisha ukafuata mfululizo wa televisheni uliosimama na kufufuka hadi mwaka 2020, misimu 7 kwa jumla. George Lucas aliuanzisha na Dave Filoni akausimamia. Wengi wanaolinganisha husema mfululizo huo uliziokoa filamu za 1999, 2002 na 2005, na karibu katika kila jambo nakubaliana nao. Anakin wa filamu anaingia gizani kwa kasi isiyoaminika; katuni ilimpa mwanafunzi, Ahsoka, na miaka ya vita ambamo tunamwona akiharibika hatua kwa hatua. Askari ambao filamu iliwaonyesha kama kofia zinazofanana, katuni iliwapa majina, mitindo ya nywele, woga, utani na urafiki.

Kilele cha kazi hiyo, kwangu, ni vipindi vinne vya sayari ya Umbara, vilivyorushwa mwaka 2011 katika msimu wa nne. Jenerali Krell, Jedi, anawatuma askari wake kufa bila sababu na kuwaita kwa namba badala ya majina. Askari wanagawanyika. Dogma anaamini kwamba amri ni amri. Fives na Jesse wanakaidi, na Krell anaagiza wapigwe risasi. Kikosi kinapangwa, amri inatolewa, na askari wote wanafyatua pembeni. Wenzao wanabaki hai. Baadaye Krell anawadanganya askari mpaka wanauana wao kwa wao, na Kapteni Rex, aliyetii kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa, anaongoza kumkamata.

Hapo hakuna chipu. Kuna watu waliolelewa tangu utoto kwa ajili ya utii, kila mmoja akipima mwenyewe utii huo unaishia wapi. Filamu ya 2002, Attack of the Clones, ilikuwa imeshasema kwamba mbegu zao zilibadilishwa ili wawe wepisi wa kutii. Umbara iliipokea hali hiyo na kuionyesha kwa ukamilifu: malezi ni mzigo mzito, malezi yanaeleza mengi, lakini bado kidole kilicho kwenye kifyatulio ni cha mtu. Kama kungekuwa na katuni moja ya kumwonyesha kijana asiyejua neno utii linaweza kumpeleka wapi, ningemwonyesha hiyo.

Miaka mitatu baadaye katuni hiyohiyo ikajipinga. Katika msimu wa sita, askari Tup anamuua Jedi katikati ya vita na hakumbuki alichofanya. Fives anachunguza, anaigundua chipu, anajaribu kuwaonya wakubwa, na anauawa akiwa anaonekana kichaa. Ni hadithi iliyosukwa vizuri, na kifo cha Fives kinauma. Ila tazama inachokiondoa. Baada ya hapo, kila askari aliyempiga risasi Jedi wake mgongoni ni mgonjwa. Mashabiki wanaoipenda chipu husema wazi kwa nini: wameishi na askari hawa kwa misimu mitano, wamewajua kwa majina, na hawawezi kuvumilia kwamba watu wazuri namna hii walitenda hivyo kwa hiari yao.

Naielewa huzuni hiyo, na ndiyo maana nalipinga hitimisho lake. Kutovumilika huko ndiko kulikokuwa kweli kubwa ya filamu ya 2005. Cody alikuwa mwema. Alikuwa rafiki. Alitii. Anayetaka kuamini kwamba mwema na muuaji ni watu wawili tofauti daima atahitaji chipu, pepo, au dawa iliyotiwa kwenye maji, na atakuwa hajajiandaa siku mwema anayemfahamu atakapopewa amri.

Sheria ililiona hilo kabla ya katuni. Umoja wa Mataifa ulipounda mahakama ya Rwanda mwezi Novemba 1994, kifungu cha 6(4) cha hati yake kilieleza kwamba mshtakiwa aliyetenda kwa amri ya serikali au ya mkubwa wake haondolewi wajibu wa jinai; amri hiyo inaweza tu kuzingatiwa katika kupunguza adhabu, haki ikidai hivyo. Kifungu hicho kinatenganisha kwa usafi mambo mawili ambayo katuni imeyachanganya. Amri inakubaliwa kama sababu. Inakataliwa kama udhuru.

Mahakama za kijamii za Gacaca, zilizofungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni 2, zilikutana na neno hilohilo, tuliamriwa, likitoka vinywani mwa wakulima, walimu na viongozi wa vijiji. Zilikuwa na kasoro zake, na wamezieleza wengi. Lakini msingi wake ulikuwa kwamba mtu asimame mbele ya waliomjua, aseme alichofanya kwa jina lake na kwa majina ya aliowaua, na waliokiri walipunguziwa adhabu. Manusura waliokaa kwenye nyasi wakisikiliza hawakuhitaji kuambiwa kwamba jirani yao alikuwa na kifaa kichwani. Walihitaji mtenda akubali kwamba alitenda, na aonyeshe miili ilikofukiwa.

Na wapo waliokataa. Zura Karuhimbi, mganga wa jadi wa Ruhango aliyefariki Desemba 2018 akiwa mkongwe, aliwaficha nyumbani kwake watu wanaokadiriwa kuzidi 100. Interahamwe walipofika aliwatishia kwa sifa yake ya uchawi, kwamba wakiingia watawaamsha mizimu. Hakuwa na bunduki. Kuwapo kwa mtu mmoja kama yeye kunatosha kuivunja hoja ya chipu, kwa kuwa kunathibitisha kwamba saa ileile, chini ya hofu ileile, mlango mwingine ulikuwa wazi. Katika msimu wa saba, wa mwaka 2020, Rex anapokea amri namba 66, machozi yanamtoka, mkono unamtetemeka, anapata muda wa kumwambia Ahsoka amtafute Fives kwenye kumbukumbu. Baadaye Ahsoka anamfanyia upasuaji na anapona. Ni tukio zuri kuliko mengi ya Star Wars. Lakini linatuachia fundisho kwamba ili mtu akatae kuua lazima mwingine amfungue kichwa. Zura hakufunguliwa kichwa na yeyote.

Wapo watakaoniambia kwamba natwika katuni ya watoto mzigo usio wake. Ningeliwakubalia kama katuni yenyewe isingeliuomba mzigo huo. Iliamua kusimulia mauaji ya jumuiya nzima, watoto wa hekalu wakiwamo, yanayotekelezwa kwa siku moja kwa amri iliyoandaliwa miaka mingi. Aliyechagua kusimulia jambo kama hilo amechagua pia kueleza linawezekanaje. Tena zaidi ya nusu ya Wanyarwanda walizaliwa baada ya 1994. Wanasikia habari za mauaji shuleni, nyumbani na kwenye kumbukumbu za kila Aprili, lakini saa nyingi zaidi wanakaa mbele ya skrini. Picha za kwanza za amri, utii na uhaini zinaweza kuwaingia kwa njia ya kapteni wa katuni mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Wazazi na walimu wanaodhani ubishi wa Star Wars ni upotevu wa muda wanawaachia vijana peke yao swali zito kuliko yote.

Wenye upande wa chipu wana hoja moja ambayo lazima iheshimiwe. Askari kloni ni watumwa. Walizalishwa, wakauzwa, wakapelekwa vitani bila mshahara wala jina la familia, na kuwahukumu kama watu huru ni kuwaonea mara ya pili. Ni kweli. Lakini utumwa wao ulikuwa tayari umeelezwa na malezi yao, bila chipu, na Umbara ilikuwa imeshaonyesha kwamba mtumwa naye ana dhamiri na anaweza kufyatua pembeni. Kumheshimu aliyeonewa ni pamoja na kumwachia uwezo wa kuchagua. Chipu iliwanyang'anya kitu cha mwisho walichobakiwa nacho.

Swali hili litakuja pia kwa wasanii wa hapa. Mwaka 2021 filamu ya kubuni ya kisayansi iliyopigwa Rwanda, Neptune Frost, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cannes. Iliongozwa na Saul Williams, Mmarekani, na Anisia Uzeyman, Mnyarwanda, ikiwa na waigizaji wa Rwanda na Burundi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Inaanza kwenye machimbo ya koltani, ambapo kijana mchimbaji anauawa na msimamizi, na kifo hicho ndicho kinachomsukuma kaka yake kwenda kuungana na waasi wa kompyuta. Msimamizi mwenyewe tunamwona kwa muda mfupi tu.

Siku moja kijana wa Gikondo mwenye kompyuta na kalamu ya kuchorea anaweza kutaka kutengeneza katuni tanzu ya msimamizi huyo. Namwomba atuonyeshe nani alimlipa, nani alimtisha, koltani ilienda kwenye simu za nani, alifundishwa lini kumwona mchimbaji kuwa chini ya mtu. Atuonyeshe yote hayo kwa kina ambacho filamu haikuwa na nafasi nacho, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ambayo katuni tanzu inaiweza kuliko mama yake. Akimaliza, silaha aiache mikononi mwa aliyeua.